Kuripoti mapigano bila kugeuza kosa la wachache kuwa vita vya makabila: mwongozo kamili

Mapigano yakizuka, habari ya kwanza kurushwa ndiyo inayokaa vichwani mwa watu, na zote zitakazofuata zitapimwa kwa hiyo. Ikisema "Wapokomo wawavamia Waorma", mtu aliyelala kwake usiku kucha, asiyejua lolote, anaamka akiwa upande mmoja wa vita. Mteja wake wa jana hamjibu salamu. Watoto wanazuiwa kwenda shule iliyo ng'ambo ya mto. Hakuna aliyemuuliza kama alishiriki, habari imeshamjibia.

Mwongozo huu ni wa ripota wa redio ya jamii, mhariri wa zamu, mtangazaji wa kipindi cha simu, na pia msimamizi wa kundi la WhatsApp la kijiji au mtaa, maana siku hizi naye anaamua kipi kipite na kipi kisipite. Ninachosisitiza tangu mwanzo hadi mwisho ni hiki: jina la kabila likiingia kwenye habari ya mapigano, liwe na kazi linayoifanya humo, na kazi hiyo iwe na ushahidi. Bila hivyo liondoe. Na ukishaliondoa, usiache pengo mahali pake. Weka maelezo yaliyo ya kweli zaidi.

Yaliyotokea Kigali na Nairobi

Redio RTLM ilianza kurusha matangazo Kigali, Rwanda, mnamo Julai 1993. Haikuanza kwa kuhimiza mauaji. Ilianza kwa muziki uliopendwa, soga, mizaha, na watangazaji walioongea kama vijana wa kijiweni wakati redio ya taifa ikisoma taarifa kwa sauti ya kiofisi. Watu wakaizoea, wakaiamini. Katikati ya soga hizo Watutsi wakawa wanaitwa inyenzi, yaani mende, na kila Mtutsi akahesabiwa kuwa mshirika wa waasi wa RPF. Ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilipotunguliwa tarehe 6 Aprili 1994, mauaji ya kimbari ya Watutsi yakaanza, na redio ile ile ikawa inataja watu wa kuuawa kwa majina na sehemu walikojificha. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwatia hatiani mwaka 2003 Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliokuwa nyuma ya redio hiyo, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya mashtaka na kupunguza vifungo, lakini wote watatu walibaki na hatia.

Kosa la pili lilifanywa na vyombo vya nje. Katika wiki za mwanzo vingi viliyaeleza mauaji yale kama machafuko ya kikabila, chuki ya enzi na enzi iliyofumuka yenyewe. Maelezo hayo yaliwaficha waliopanga: walioandaa orodha za watu, walioweka vizuizi barabarani, waliowapa wanamgambo wa Interahamwe mafunzo na silaha. Hili linasahaulika sana. Ukisema "makabila yanapigana", umewachafua mamilioni wasiohusika na papo hapo umewasitiri wachache wanaohusika.

Kenya, redio za lugha za mama zilianza kushamiri mwaka 2000 ilipofunguliwa Kameme FM ya Kikikuyu, zikafuata za Kikalenjin, Kijaluo na nyinginezo. Zilileta faida kubwa: bibi wa kijijini akasikia bei ya maziwa na habari za afya kwa lugha yake. Lakini uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 ulipokaribia, vipindi vya simu vya baadhi yake viligeuka uwanja wa matusi, na wapo watangazaji waliokosa ujuzi au nia ya kuyazuia. Ghasia zilizofuata ziliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Jaji Philip Waki iliyozichunguza, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Mtangazaji wa Kass FM, redio ya Kikalenjin, Joshua arap Sang, alishtakiwa Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kesi yake na ya mwanasiasa William Ruto ilisitishwa Aprili 2016, majaji walio wengi wakiona ushahidi hautoshi. Mahakama ina kipimo chake. Chumba cha habari kina wajibu wa kuchukua hatua mapema zaidi, kabla mambo hayajafika mahali pa kuhitaji hakimu.

Hatua ya 1: Andika ukurasa mmoja wa mgogoro kabla haujalipuka

Siku ya mapigano si siku ya kuanza kuuliza watu wanagombania nini. Kaa na wenzako wakati wa utulivu mwandike ukurasa mmoja kuhusu kila mgogoro ulio ndani ya eneo mnalosikika. Msiandike kwanza makabila. Andikeni kinachogombaniwa.

Chukua Delta ya Mto Tana, pwani ya Kenya. Wapokomo wengi ni wakulima wa kingo za mto. Waorma wengi ni wafugaji. Kiangazi kikikaza, mifugo lazima iteremke majini, na njia za kuifikisha huko, ambazo wenyewe wanaziita malka, hupita kati ya mashamba. Mashamba yakipanuliwa, malka zinazibwa. Ng'ombe wakiingia kwenye mpunga, panga linatoka. Hilo ni jambo la msimu, na wazee wa pande zote mbili wamekuwa wakilipatanisha tangu zamani. Lakini mapigano ya 2012 hayakuwa ya kawaida. Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilishambuliwa na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Wakati huo nchi ilikuwa inaelekea uchaguzi wa Machi 2013, wa kwanza chini ya serikali za kaunti, ambapo viti vipya vyenye bajeti vilikuwa vinagombaniwa, na ardhi ya delta ilikuwa inatolewa macho na miradi mikubwa ya kilimo. Ripota asiyekuwa na haya mkononi atasema "uhasama wa jadi" kwa sababu hana kingine cha kusema.

Ukurasa wenu uwe na mambo haya: kinachogombaniwa (maji, malisho, hati za ardhi, soko, kiti), tarehe za mapigano yaliyopita na yalivyokwisha, mikataba iliyowekwa na nani aliivunja, wanasiasa na wafanyabiashara wenye maslahi, majina ambayo kila upande unajiita, na majina ambayo upande wa pili unawaita kwa kuwadharau. Ongeza namba za simu za watu wasiopungua wawili wa kila upande ambao si wanasiasa: mwalimu, muuguzi, imamu au mchungaji, mama wa kikundi cha akiba. Hao ndio mtakaowapigia usiku.

Hatua ya 2: Hakiki, na uvumi uupe daftari lake

Uvumi ni sehemu ya mapigano. Mtu akisikia kwamba kijiji jirani kinakusanya mishale, atakusanya yake, na wale wa kijiji jirani watamwona. Kwa hiyo usiupuuze kwa sababu si habari, wala usiurushe kwa sababu kila mtu anausema.

Huko huko Tana Delta ulianzishwa mwaka 2014 mradi wa Una Hakika, wa shirika la Sentinel Project. Mwananchi anayesikia jambo la kutisha hutuma ujumbe mfupi au hupiga simu. Wajumbe wa kujitolea walioko vijijini wanauliza na kuangalia. Kisha jibu linarudishwa kwa watu: ni kweli, si kweli, au bado linachunguzwa. Chumba chochote cha habari kinaweza kufanya vivyo hivyo kwa daftari la kawaida. Chora safu: kilichosemwa, aliyekisema, saa, nani amepigiwa, jibu. Zamu ikibadilika daftari linakabidhiwa.

Kabla ya kurusha tukio la mapigano, pata mtu aliyeona kwa macho yake, pata chombo chenye rekodi (zahanati, hospitali, polisi, ofisi ya chifu au ya mtendaji), na pata mtu wa upande unaolaumiwa. Wote watatu. Ukikosa mmoja, sema wazi kwamba hujampata na bado unamtafuta. "Inasemekana" haikuondolei wajibu. Msikilizaji hasikii neno hilo, anasikia kinachofuata.

Hatua ya 3: Amua kama kabila linatajwa

Hapa ndipo pagumu, na sitaki kupita haraka.

Jiulize maswali manne. Je, waathirika walichaguliwa kwa sababu ya kabila lao? Je, nina ushahidi wa hilo, au ninakisia kwa mahali tukio lilipotokea? Nikiliondoa jina, msikilizaji atakosa kuelewa nini? Na je, ningelitaja kama pande zingekuwa zimebadilishana?

Jibu la swali la kwanza likiwa ndiyo, na ushahidi upo, basi taja. Katika ghasia za 2007 na 2008 kulikuwa na vizuizi barabarani ambapo abiria walidaiwa vitambulisho ili jina la ukoo lisomwe. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao Wakikuyu. Kuficha hilo kungekuwa kuficha jinai yenyewe. Lakini angalia: kinachotajwa hapo ni sababu iliyowafanya watu wawindwe. Wawindaji hawakuwa kabila. Walikuwa vijana kadhaa, wenye viongozi, wenye waliowachangia usafiri na mafuta ya petroli. Wataje hivyo. Waathirika wanaweza kuwa walishambuliwa kama kabila; washambuliaji hawashambulii kama kabila hata siku moja, hata wanapodai hivyo.

Swali la nne ndilo linaloumbua mazoea yetu. Sikiliza taarifa za migogoro ya ardhi Tanzania: mara nyingi upande mmoja unaitwa kwa kazi yake, "wakulima", na wa pili kwa kabila lake, "Wamasai". Mauaji ya Rudewa wilayani Kilosa, Desemba 2000, ambapo watu 38 walipoteza maisha, bado yanasimuliwa hivyo. Mkulima anakuwa raia mwenye shamba. Mfugaji anakuwa kabila lenye mikuki. Ikiwa unataja kazi, taja kazi pande zote mbili. Ikiwa unataja kabila, hali kadhalika.

Halafu kuna "jamii fulani". Vyombo vya Kenya vimelitumia neno hili miaka mingi kwa nia njema, lakini naamini linadhuru kuliko linavyosaidia. Kila msikilizaji anajaza jina mwenyewe, na analijaza kwa hofu yake. Tena linamwambia kuna siri ambayo redio inaiogopa. Badala ya "watu wa jamii fulani", sema ulichokijua: wangapi, walitokea upande gani, walibeba nini, walisema nini, nani amekamatwa.

Tufanye kwa vitendo. Taarifa hii nimeitunga, na badala ya kabila nimeweka herufi:

*"Watu watatu wameuawa na nyumba kadhaa kuchomwa baada ya wafugaji wa kabila la X kuvamia kijiji cha wakulima usiku wa kuamkia leo. Shambulio hilo linaaminika kuwa la kulipiza kisasi. Makabila hayo mawili yamekuwa na uhasama wa jadi. Wakazi wenye hasira wameapa hawatalala hadi haki ipatikane."*

Isome pole pole. Ilikuwa usiku; nani aliwatambua kuwa X, na kwa nini? "Linaaminika" na nani? "Uhasama wa jadi" ni maneno ya ripota, hakuna aliyeyasema. "Wakazi wenye hasira" ni wangapi? Huenda ni kijana mmoja aliyeshika kipaza sauti akiwa bado analia. Sasa isome hii:

*"Watu watatu wameuawa na nyumba 6 kuchomwa usiku wa kuamkia leo katika kitongoji kilicho karibu na lambo. Mwenyekiti wa kijiji anasema aliona watu kati ya 15 na 20, na walitokea upande wa mto. Polisi hawajamkamata mtu yeyote wala kusema washambuliaji ni nani. Siku 4 kabla ya hapo ng'ombe walikutwa ndani ya shamba la mahindi na mmoja akakatwa panga. Shauri hilo lilikuwa bado mbele ya baraza la kata. Diwani na wazee wa wafugaji na wakulima wamekutana tangu asubuhi na kikao kinaendelea."*

Ya pili ina habari nyingi zaidi, wala haijaficha lolote. Msikilizaji anajua sababu ya karibu, anajua polisi hawajatenda, anajua kuna watu wanazungumza. Kesho polisi wakimkamata mtu, atatajwa yeye kwa jina lake na kosa lake.

Hatua ya 4: Pitia vitenzi na majina

Ukimaliza kuandika, rudi kwenye vitenzi peke yake. Mara nyingi utakuta upande mmoja "waliuawa" na upande mwingine "walipoteza maisha". Mmoja "walivamia", mwingine "walijihami". Sawazisha kwa ushahidi. Na "mapigano yalizuka" hayana mtendaji; dhoruba huzuka, watu huamua. Kama unajua nani alirusha jiwe la kwanza, sema. Kama hujui, sema polisi wanachunguza nani alianza.

"Ngome" ni neno lingine la kuangalia. Magazeti yetu yanapenda "ngome ya mgombea fulani" yakimaanisha eneo la kabila lake. Asiyempigia kura ndani ya eneo hilo anageuka msaliti au mgeni.

Majina ya wadudu, magugu na uchafu yasipite hata ndani ya nukuu ya kiongozi, isipokuwa habari yenyewe ni kwamba kiongozi huyo ametoa kauli ya chuki. Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ya Kenya ilitoa orodha ya maneno ya kuepukwa Aprili 2022, na yamo "madoadoa" na "kwekwe". Anayesema madoadoa yaondolewe Bonde la Ufa, yaani watu wa makabila mengine wanaoishi huko, anajua anachokisema, na familia zilizofukuzwa huko tangu mapigano ya 1991 na 1992 zinajua pia. Ukilazimika kuripoti, lieleze lilivyotumika na nani amelalamika. Usilifanye kichwa cha habari wala mlio wa tangazo la kipindi.

Na kauli ya "wakazi wanahofia mashambulizi ya kulipiza kisasi"? Ifute, isipokuwa kuna mtu mwenye jina anayesema hivyo na kueleza kwa nini. Ni sentensi inayokuja yenyewe mwishoni mwa taarifa, na inafanya kisasi kionekane jambo la kawaida linalosubiri saa yake.

Hatua ya 5: Idadi na picha

Usipange waliokufa kwa makabila kama matokeo ya mechi. Toa jumla, chanzo chake na saa. Idadi zikitofautiana, toa zote mbili na useme ni za nani.

Picha za zamani hurudi kila mapigano yanapoanza. Usitumie iliyotoka kwenye simu ya mtu hadi ajulikane aliyeipiga, lini na wapi. Usionyeshe sura ya mtoto aliyeachwa peke yake, wala nyumba ambayo haijachomwa kwa namna ya kuwaelekeza watu.

Hatua ya 6: Kipindi cha simu

Kwa uzoefu wa Kenya na Rwanda, hatari kubwa haiko kwenye taarifa ya saa, iko kwenye soga. Wakati wa mvutano panga kipindi cha simu kama ifuatavyo, au kifute kabisa.

Weka mtu wa kupokea simu nje ya studio. Amuulize mpigaji jina, anapigia wapi, na anataka kusema nini, kisha aandike mstari mmoja kwa mtangazaji. Mitambo ikiruhusu, matangazo yacheleweshwe sekunde chache. Isiporuhusu, mkono wa fundi usitoke kwenye kitufe cha kukata. Mada iwe ya kutatua jambo moja lenye mipaka: malka ipi ifunguliwe, wanafunzi warudije shule. "Nini maoni yako kuhusu mauaji haya?" si mada.

Mtangazaji awe na maneno tayari mdomoni. Mpigaji anasema, "Hao watu tunawajua, ndivyo walivyo." Usimkaripie, atageuka shujaa. Mwambie: "Mzee wangu, pole sana kwa yaliyokupata. Umesema 'hao watu'. Ni nani hasa uliyemwona, na ulimwona wapi?" Mara nyingi atanyamaza, au atasimulia jambo la kweli ambalo polisi wanahitaji kulisikia, hapo mwombe abaki kwenye simu nje ya hewa. Akiendelea kutukana: "Mama yangu, hapo nakukatiza, redio hii haitasema hivyo juu ya jirani yako wala juu yako." Kata, kisha rudia hewani kwa utulivu kwa nini umekata. Ukikata bila kueleza, wasikilizaji watadhani umeficha ukweli.

Methali na mafumbo yanahitaji sikio la mwenyeji. Mwaka 2007 na mwanzo wa 2008 wafuatiliaji wa redio za Kenya waliripoti miito ya "kukata nyasi" na malalamiko ya nguchiro aliyeiba kuku. Mhariri asiyejua lugha ile angesikia habari za kilimo na ufugaji. Kama kituo kinarusha kwa lugha tatu, kiwe na mhariri kwa kila lugha, mwenye mamlaka ya kuzima kipindi bila kupiga simu kwa mkurugenzi. Mamlaka hayo yaandikwe.

Hatua ya 7: Tuma timu iliyochanganyika

Burundi, wakati wa vita, Studio Ijambo, studio ya vipindi vya redio iliyoanzishwa mwaka 1995, iliwatuma waandishi wa Kihutu na wa Kitutsi pamoja. Mmoja aliweza kuingia mtaa ambao mwenzake hangeweza, na wakirudi walilazimika kukubaliana taarifa moja. Mahojiano yaliyobishaniwa na watu wawili wanaoheshimiana hutoka yakiwa safi kuliko yale ya ripota mmoja mwenye msimamo.

Ukiwa na ripota mmoja tu, msomee taarifa kwa simu mtu wa upande wa pili kabla haijaenda hewani, umuulize kosa liko wapi. Haki ya kuamua inabaki kwako. Na usimtume ripota mahali ambapo jina lake la ukoo pekee linaweza kumuua, kisha ukamsifu kwa ushujaa.

Hatua ya 8: Usikimbilie kunyamaza

Wapo watakaosoma yote haya na kuhitimisha kwamba heri kutosema. Hapana. Tarehe 30 Desemba 2007, baada ya Mwai Kibaki kutangazwa mshindi, serikali ya Kenya ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Watu hawakuacha kupashana habari. Walihamia kwenye ujumbe mfupi wa simu, ambako hakuna mhariri. Katika siku zile zile mwanzoni mwa Januari 2008, kundi la Wakenya lilianzisha Ushahidi, tovuti ya kuweka kwenye ramani matukio yaliyoripotiwa na wananchi, kwa sababu pengo lilikuwa kubwa.

Kisha kwenye uchaguzi wa 2013 vyombo vingi vya Kenya viliogopa kurudia ya 2007 kiasi kwamba mitambo ya kutambua wapiga kura na ya kupeleka matokeo ilipofeli, maswali kuhusu hilo yaliulizwa kwa mdomo mdogo. Vililaumiwa, na naona lawama ile ilikuwa ya haki. Mtu anayehisi kadhulumiwa na haoni dhuluma yake ikisemwa popote atamwendea yule anayeisema kwa lugha ya kabila.

Penye maelezo mawili yanayopingana, yatoe yote na wenyewe. Mpeketoni, Lamu, Juni 2014, watu zaidi ya 60 waliuawa. Al-Shabaab walisema ni wao. Rais Uhuru Kenyatta akasema ni mitandao ya kisiasa ya hapo hapo, na kwamba jamii moja ililengwa. Ripota aliyechukua maelezo ya upande mmoja akayafanya yake alikuwa amewaelekezea kidole majirani wa Mpeketoni, Waislamu au wapinzani, kabla uchunguzi haujafika popote. Aliyeyaweka yote mezani, kisha akaenda kuwauliza walionusurika washambuliaji walisema nini na waliwachagua vipi watu wa kuua, alikuwa kazini.

Hatua ya 9: Rudi mahali pale

Kamera huondoka moshi ukiisha, na kinachobaki kwenye kumbukumbu ya nchi ni moshi. Weka kwenye kalenda ya chumba cha habari tarehe tatu tangu siku ya tukio: wiki moja, mwezi mmoja, miezi sita. Wiki ya kwanza uliza waliojeruhiwa wako wapi na nani anawalisha waliokimbia. Mwezi wa kwanza uliza kesi: wangapi wamefikishwa mahakamani, kwa mashtaka gani, lini inasikilizwa. Mhalifu mmoja akisomewa mashtaka kwa jina lake, ni vigumu zaidi kuendelea kusema "wao". Miezi sita uliza kilichogombaniwa tangu mwanzo: malka imefunguliwa? Hati imetolewa? Watoto wamerudi shule moja?

Tafuta pia waliokataa. Katika kila mapigano kuna mtu aliyemficha jirani yake chini ya kitanda. Muulize kwanza kama ni salama kwake kutajwa; huenda anaishi na waliomwona.

Na makosa yenu yasahihishwe saa ile ile na katika kipindi kile kile yaliporushwa. Taarifa ya uongo iliyosomwa saa moja jioni na kusahihishwa saa sita usiku haijasahihishwa. Soma lililosemwa, sema lilikosewa wapi, toa lililo sahihi, rudia kesho yake, kisha liandike kwenye ule ukurasa wa mgogoro ili ripota wa zamu ijayo alikute.